Shida Inayokubalika

Tuna misemo miwili kuhusu deni. Wa kwanza huandikwa kwenye kuta za maduka: dawa ya deni ni kulipa. Wa pili wazee huusema kwa sauti ya chini kidogo: kukopa harusi, kulipa matanga. Nimekua nikiisikia yote miwili hapa Gulwe, pengine kutoka kwa mtu mmoja ndani ya siku moja, na kwa muda mrefu sikuona kwamba inagombana. Wa kwanza unachukulia kuwa anayekopa na anayelipa ni mtu yuleyule. Wa pili unajua kuwa kati ya siku ya kusaini na siku ya kurejesha kuna mambo yanapita, na anayefika upande wa pili anaweza kuwa mtu mwingine, ingawa jina na sahihi ni vilevile.

Benki nazo zinalijua hilo. Ndiyo maana zina fomu ya kuomba kupangiwa upya mkopo. Mwaka jana niliijaza moja kwa niaba ya mama mdogo, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo. (Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, kitu ambacho ndugu zangu wengi bado wanaamini ni aina fulani ya sheria.) Sehemu moja ya fomu ilisema tuweke alama ya vema kwenye sababu ya shida ya kifedha. Sababu zilikuwa tano: kufiwa, ugonjwa, kupoteza ajira, maafa ya asili, nyingine. Mbele ya hiyo "nyingine" kulikuwa na mistari miwili ya kuelezea.

Hakuna aliyekufa. Mama mdogo haumwi. Hajawahi kuajiriwa na mtu, kwa hiyo hana ajira ya kupoteza. Mwaka huo mto Kinyasungwe haukumgusa. Shida yake, nikiieleza kwa ukweli na kwa ufupi uliotakiwa, ni kwamba treni imeanza kufika kwa wakati.

Wasiopajua Gulwe nitawaeleza kidogo. Ni kituo cha reli ya kati, wilaya ya Mpwapwa, reli ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Kwa watu wa stesheni, treni ilikuwa soko linalotembea. Abiria walitoa vichwa madirishani, sisi tukainua beseni za karanga, mayai ya kuchemsha, kuku wa kukaanga, maji. Treni ikichelewa, hapo ndipo biashara ilipokuwa. Abiria waliokwama kwa saa sita walikula mara mbili, wakanunua chai, wengine wakatafuta mahali pa kulaza mtoto. Mama mdogo alikuwa na mgahawa na vyumba vinne vya wageni karibu na stesheni. Aliwahi kuniambia, bila kutania, kwamba yeye hauzi chakula, anauza subira.

Mwaka 2023 alikopa shilingi milioni 18 kumalizia nyumba aliyoianza Mpwapwa mjini, kwenye kiwanja kilichopimwa, chenye hati. Nyumba yenyewe ndiyo iliwekwa rehani. Mkopo wa miaka mitano, riba asilimia 17 kwa mwaka, rejesho la kama shilingi 447,000 kila mwezi. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi hesabu ya mikopo ya nyumba kwenye mabenki yote imekuwa maelfu machache tu, kupata mkopo wa aina hiyo kulikuwa kama kufaulu mtihani. Alitembea na ile barua ya kukubaliwa kwenye mkoba kwa wiki nzima.

Julai 2024 treni ya umeme ikaanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma. Ni treni nzuri. Mimi mwenyewe ndiyo ninayopanda, na sina nia ya kujifanya nalililia behewa la zamani. Inakwenda haraka, ina kiyoyozi, na madirisha yake hayafunguki. Gulwe ina kituo kipya kwenye reli hiyo, lakini huwezi kumwinulia beseni mtu aliye nyuma ya kioo. Abiria wa Morogoro na Dodoma walihamia huko kwa sababu zilezile zilizonihamisha mimi, na mgahawa uliojengwa juu ya kuchelewa ukabaki na wateja wanaotoka kijijini humohumo.

Hapa ndipo lilipo swali lililonifanya niandike. Kuna shida ambayo haikuletwa na mtu mbaya wala na Mungu. Imeletwa na kitu chema kwa karibu kila mtu. Je, shida ya namna hiyo inakubalika? Kwanza, neno hili "kukubalika" lina maana gani hasa tunapolisema juu ya shida?

Afisa mikopo aliyetupokea alikuwa kijana, labda ananizidi miaka mitatu. Alimwamkia mama mdogo vizuri, akasoma barua niliyoiambatanisha, kisha akanirudishia.

"Kaka, umeandika vizuri," akasema. "Lakini inahuzunisha mno. Kamati ikisoma hivi itaona mama hana uwezo wa kulipa kabisa. Hapo hawampangii upya, wanaanza taratibu za dhamana."

Nikamuuliza basi niandike nini. Akasema nionyeshe kwamba ana shida, lakini pia ana uwezo. Nisipoonyesha shida, kamati itauliza kwa nini asiendelee na rejesho la zamani. Nisipoonyesha uwezo, itauliza kwa nini wapoteze muda.

Sikukasirika. Alikuwa ananisaidia, na alikuwa anasema kweli. Nimeisoma kanuni hiyo baadaye katika habari za nchi nyingine na ni ileile. Marekani, baada ya nyumba nyingi kuanza kunadiwa, serikali ilianzisha mwaka 2009 mpango uliojulikana kama HAMP. Mwenye nyumba alitakiwa aape kwa maandishi kuwa yuko kwenye shida, rejesho lake liwe limezidi asilimia 31 ya kipato chake kabla ya kodi, halafu apitie miezi mitatu ya majaribio kuthibitisha kuwa rejesho jipya analimudu. Na kulikuwa na hesabu moja zaidi: je, mwenye fedha atapata zaidi kwa kumrekebishia mkopo kuliko kwa kuiuza nyumba? Mpango ulitangazwa kwamba ungewasaidia watu milioni tatu hadi nne. Ulipofungwa mwisho wa 2016, haukuwa umefika huko.

Kwa hiyo mtu anayeomba anapita katikati ya kuta mbili. Awe ameumia, lakini asiwe ameumia sana. Wakati nao una kuta zake. Hapa kwetu mkopo usiolipwa kwa siku 90 huhesabiwa kuwa mkopo chechefu, na Benki Kuu inataka mikopo ya aina hiyo isizidi asilimia 5 ya mikopo yote ya benki. Ndiyo maana ushauri wa kila afisa ni kuwahi mapema. Ukija mapema mno huna cha kuonyesha, maana bado unalipa. Ukichelewa, wewe tayari ni takwimu mbaya. Baada ya hapo Sheria ya Ardhi ya 1999 ina njia yake: notisi ya siku 60, kisha haki ya kuuza. Sheria hiyo si katili. Inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na inamtaka anayeuza atafute bei nzuri. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, muuzaji huyo ndiye atakayebeba mzigo wa kujieleza. Lakini hayo yote yanahusu namna ya kuipoteza nyumba kwa heshima.

Nilimsimulia babu habari ya kuta mbili, naye akanijibu kwa habari ya ng'ombe, kama anavyojibu karibu kila kitu.

Ugogo mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwenye boma moja. Mvua zetu hazitabiriki, na magonjwa yakija hufagia. Basi wengine aliwapeleka kwa rafiki au shemeji wa kijiji cha mbali, awatunze, anywe maziwa, na mambo yakienda vizuri apewe ndama. Ng'ombe akifa mikononi mwa mtunzaji, mtunzaji hakulipa. Alichotakiwa kufanya ni kupeleka ngozi.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikaona nimepata sura nzima ya tasnifu: ngozi ndiyo barua yetu ya shida, ushahidi wa hasara usio na aibu! Babu akanipooza. Akasema wapo waliomla ng'ombe kwanza, ngozi wakaileta baadaye. Nikauliza sasa mwenye ng'ombe alijuaje. Akanitazama kama mtu anayesikitikia ada iliyolipwa. "Alikuwa anakwenda kuwaona," akasema.

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko vitabu vyangu vingi. Ngozi peke yake haikuthibitisha kitu. Ilithibitisha kwa sababu mwenye mali alikuwa anakwenda. Alijua malisho ya pale yalivyo, alijua mwaka ule mvua ilikuwaje, alijua tabia ya mtunzaji. Na kuna jambo la pili, kubwa zaidi: ng'ombe akifa, hasara ilikuwa ya mwenye ng'ombe. Mtunzaji alipoteza maziwa na tumaini la ndama, mwenye ng'ombe alipoteza ng'ombe. Ngozi iliwajulisha watu wawili kwamba wamepata msiba mmoja. Fomu yetu inataka ngozi, lakini hasara inaiacha yote upande mmoja.

Najua benki haiwezi kuwa rafiki wa babu. Fedha inayokopesha ni ya watu walioweka akiba, na baadhi yao ni wakina mama kama mama mdogo. Pia najua kwamba macho ya jirani yana bei yake. Mama mdogo ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa stesheni. Huko anayeshindwa kurejesha husimama kwenye mkutano na kusema. Wanachama wanamsikiliza, wanamjua, wanampa mwezi mmoja au miwili, faini wanaifuta. Ni utu mtupu, hadi umwulize yule aliyesimama. Mama mdogo aliniambia ndiyo maana alikwenda benki. "Karatasi hainijui," akasema. "Haitanitazama kwenye maji."

Kwa hiyo sitaki kusema kijiji kina huruma na benki haina. Ila nimegundua kuwa kuna nyakati ambapo hata benki haidai ngozi. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliila reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka wafanyabiashara wa jumla wa Mpwapwa walivyoacha kudai. Hakuna aliyeandika barua. Kila mtu alijua reli haipo.

Mwaka 2020 ikawa hivyo kwa nchi nzima na zaidi. Tarehe 12 Mei mwaka huo Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hatua za kupunguza makali ya korona, mojawapo ikiwa ni kuyalegezea mabenki masharti pale yanapompangia mteja upya mkopo, kila mteja kwa hali yake. Kenya ilikuwa imetangulia mwezi Machi, na mikopo iliyopangwa upya kule ilifikia takriban shilingi za Kenya trilioni 1.7, zaidi ya nusu ya mikopo yote ya mabenki yao. Zaidi ya nusu! Sidhani watu wote hao walitengeneza barua za kuhuzunisha kiasi kinachofaa. Shida ilikuwa ya wote, hivyo haikuhitaji kupimwa kwa mtu mmoja mmoja ili ionekane ya kweli.

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi juu ya neno "kukubalika". Mafuriko na korona vilikubalika kwa sababu vilionekana, na vilionekana kwa sababu viliwapata wengi kwa pamoja. Kwa mama mdogo mambo hayakuwa tofauti sana. Hakuyaleta, hakuweza kuyazuia, na hesabu zake zilivunjika vilevile. Tofauti ni kwamba yeye aliumia peke yake, tena siku ambayo wengine walikuwa wanapiga vigelegele. Tukisema shida yake haina uzito, tutakuwa tumesema kwamba uzito wa shida hutegemea idadi ya watu wanaoiona. Siamini hivyo, na sidhani hata kamati ya mikopo inaamini hivyo ikiulizwa ana kwa ana.

Nchi yetu yenyewe iliwahi kujaza fomu hii. Miaka ya themanini Mwalimu Nyerere aliuliza hadharani kama tuwaache watoto wetu wafe njaa ili tulipe madeni. Hakujibiwa upesi. Mwishoni mwa miaka ya tisini ukaja mpango wa kuzipunguzia mzigo nchi maskini zenye madeni makubwa, na ili kufuzu, deni la nchi lilitakiwa kuzidi asilimia 150 ya mauzo yake ya nje, kwa thamani ya sasa ya deni hilo. Huo ndio ukuta wa kwanza: uwe umeumia. Kisha nchi ilitakiwa ionyeshe nidhamu ya matumizi na iandike mkakati wa kupunguza umaskini. Huo ndio ukuta wa pili: uwe unaaminika. Tanzania iliandika mkakati wake mwaka 2000, ikahitimu Novemba 2001. Ada ya shule za msingi ilifutwa kipindi hichohicho. Mimi niliingia darasa la kwanza bila ada, kwa hiyo mtu yeyote anayeniambia kuwa kupunguziwa deni kunaharibu tabia namwomba aanze na mimi.

Na kuna deni jingine lililokufa jirani zaidi. Kongwa, si mbali na hapa, ndiko Waingereza walikoanzia ule mradi mkubwa wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili. Matrekta yalivunjika kwenye udongo mgumu, mvua haikuja kama ramani za London zilivyotarajia, na mwanzoni mwa 1951 serikali yao iliufunga mradi na kufuta takriban paundi milioni 36. Wagogo wangeweza kuwaambia habari za mvua bila malipo. Kinachonivutia ni lugha: fedha ile iliitwa hasara. Ikiwa nyingi kiasi hicho, na aliyeipoteza ni mkubwa kiasi hicho, mvua inatosha kuwa maelezo. Ya mama mdogo inaitwa deni hadi senti ya mwisho.

Wanafalsafa wamelitazama jambo hili kutoka pande mbili. Kant, mwaka 1785, alipotaka mfano wa ahadi isiyofaa, alimchagua mtu mwenye dhiki anayekopa fedha huku akijua hatalipa. Kila mtu akifanya hivyo, anasema, ahadi haitakuwa na maana tena. Nakubaliana naye kabisa, ila mama mdogo si mtu huyo. Yeye aliahidi akijua atalipa, kisha dunia ikabadilika. Kwa habari za mtu huyu Aristotle ananisaidia zaidi. Anasema kanuni yoyote husema kwa ujumla, na maisha hayaji kwa ujumla, hivyo kuna haki inayoirekebisha kanuni pale ilipopungukiwa kwa sababu ya ujumla wake. Mfano wake ni wa mafundi wa kisiwa cha Lesbos, waliopimia mawe kwa kipimo cha risasi, madini yanayopinda, ili kifuate umbo la jiwe. Nasisitiza kwamba bado ni kipimo. Fundi anayepima kwa kitu kinachopinda hajaacha kupima.

Kwa maoni yangu, hicho ndicho mdaiwa anachostahili. Si kusamehewa. Si kuhurumiwa. Mkataba wa miaka mitano ni makisio ya watu wawili juu ya kesho ambayo hakuna kati yao aliyeimiliki. Benki iliikisia treni kama mama mdogo alivyoikisia. Iliuona mgahawa, ikayapitia mahesabu, ikaandika kwamba biashara ni imara. Makisio yakikosewa na wote wawili, aliyekosea kwa kalamu ana wajibu wa kukaa tena mezani na aliyekosea kwa nyumba. Kukaa huko kusiwe zawadi anayopewa aliyeweza kuumia kwa kipimo kinachopendeza.

Nina pingamizi moja ambalo sijalimaliza, na lina uso. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuwa na mkopo kama huo, nao ukamlemea vilevile. Aliuza mashine ya kusaga, akauza na ng'ombe wawili, akalipa. Nilipomweleza niliyokuwa ninaandika alisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mimi sikuomba." Hakusema kwa hasira. Lakini ndani yake kulikuwa na swali: kama mama mdogo wako ana haki ya kusikilizwa, mimi niliyenyamaza nimedhulumiwa nini? Jibu langu la darasani ni kwamba naye alikuwa na haki hiyohiyo, na kutoitumia hakuifuti ya mwingine. Nilimpa jibu hilo. Akatikisa kichwa kwa adabu, na mashine yake ya kusaga iko Kibakwe kwa mtu mwingine.

Niliiandika barua upya, ikapungua huzuni. Nilitaja kuwa vyumba vinne sasa vinapangishwa kwa mwezi kwa walimu, na kwamba ameanza kukamua mafuta ya alizeti. Vyote ni kweli. Nilitoa sentensi iliyosema kwamba kuna siku alifunga mgahawa mchana na kukaa gizani. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Nilijiuliza kama kuchagua upande upi wa ukweli uonekane ni uongo, na sikuona kwamba ni uongo, ila niliona vibaya kwamba ukweli ule, ambao ndio ulionifanya nijue ana shida, haukuwa na mahali pa kukaa. Kwenye mistari miwili ya "nyingine" niliandika: "Mabadiliko ya usafiri wa reli yamepunguza wateja."

Baada ya wiki tano kamati ilikubali. Deni lililobaki lilikuwa kama milioni 12, na miezi 34 iliyosalia ikageuzwa kuwa 72. Rejesho likashuka kutoka 447,000 hadi 267,000 hivi. Mama mdogo alilia kwa furaha kwenye simu. Mimi nilichukua kikokotoo, tabia mbaya niliyo nayo. Angelipa kwa mpango wa zamani, angetoa jumla ya milioni 15.2 hivi. Kwa mpango mpya atatoa milioni 19.2. Kupunguziwa kwake kunamgharimu shilingi milioni nne.

Hakuna aliyemdanganya. Riba ni ileile, muda umeongezeka, na muda una bei. Namjua mwanafunzi mwenzangu Mwislamu ambaye nilipomwonyesha hesabu hizo hakushangaa. Aliniambia kuwa mdai wa kale kule Uarabuni alimwambia mdaiwa aliyekwama alipe au aongeze, na kwamba ongezeko la namna hiyo ndilo dini yake ilikuja kulikataza, ikamtaka mdai badala yake amngoje mwenye dhiki hadi apate nafuu. Sisi wa Mpwapwa tuliolelewa kwenye madhabahu ya Anglikana tuna mwaka wetu wa saba wa kuachilia madeni, kwenye Kumbukumbu la Torati, na sijawahi kusikia mahubiri juu yake. Sijui benki ifanyeje na hayo. Najua tu kwamba kipimo kilichopindwa hapa kilipindwa upande mmoja: mama mdogo alibadilisha biashara, vyumba, na miaka sita ya maisha yake, na aliyekaa upande wa pili wa meza ameongezewa milioni nne kwa kukubali kumsikiliza.

Wiki iliyofuata alinipigia akitaka nimwandikie barua nyingine, ya kuishukuru benki. Nikamwambia, mama, wewe ndiye unayewalipa. Nikamsomea hesabu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hesabu hiyo alishaipiga siku ileile, kwenye daftari la mgahawa, na ilimtoka milioni nne kama mimi.

"Sasa unashukuru nini?" nikamuuliza.

"Wangeweza kukataa, mwanangu."

Sikuiandika. Nilisema nina mtihani, na ni kweli nilikuwa nao. Mwezi uliopita nilipokwenda kumsalimia niliona nakala yake imebandikwa kwenye kabati la vyombo, imeandikwa kwa kalamu ya bluu na binti wa mpangaji wake, anayesoma kidato cha pili. Ina makosa matatu ya tahajia.